Mto Uliosimamishwa Kazi

Zamani za juzi tu palikuwa na nchi ambayo jina lake halitamkwi mtu akiwa amekaa. Kwa kuwa hadithi hii inasimuliwa kitako, jina tuliache hapo lilipo, tusije tukatozwa faini mapema.

Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu kinachohitajika ili nchi iwe nchi: bendera, ving'ora, na Wizara ya Maji, Kilimo na Shangwe. Wageni walipouliza kwa nini maji na kilimo viwe chini ya waziri mmoja, walijibiwa kuwa ni kwa ajili ya amani. Maji yakigombana na kilimo, waziri hujiita ofisini, hujisikiliza pande zote mbili, hujisuluhisha, kisha hujipa mkono na kwenda kula.

Waziri huyo alikuwa Mheshimiwa Daktari Mashaushi. Alikuwa na mwili wa kutosha, sauti ya kutosha na shamba la kutosha, vitunguu na maua kutoka kilima hadi kilima, kule juu unakoanzia Mto Lwanzari. Liliitwa Shamba la Mfano. Mfano wa nini, kibao hakikusema. Shamba lilikula mbolea na dawa za wadudu kwa malori, na kila lilichoshindwa kumeza lilikitema mtoni kwa mabomba mawili manene. Kutoka hapo kwenda chini mto ulikuwa wa kijani siku za kazi na wa zambarau siku za kunyunyizia maua. Povu lilikaa juu ya maji kama la bia iliyomiminwa kwa pupa. Samaki waliogelea chali. Wizara ilieleza kuwa samaki hao walikuwa wakipumzika, na kwamba ni nchi chache duniani ambazo samaki wake wanapata likizo.

Lakini mto ulikuwa safi. Hili halikuwa na ubishi, kwa sababu ulikuwa unapimwa kila mwezi, na mwenye dhamana ya kuupima alikuwa Bwana Kasiani Lupembe, Afisa Itifaki wa Sampuli za Maji.

*

Kasiani hakusomea maji. Alisomea viti, yaani kazi yake ya kwanza wizarani ilikuwa kuwavutia viti wakubwa wanapotaka kukaa, na kuvirudisha nyuma wanapotaka kusimama. Maji wakati huo yalipimwa na mkemia mmoja mwenye tabia mbaya ya kuyaleta kama alivyoyakuta. Siku moja mkemia huyo aliweka chupa mezani kwa waziri. Mheshimiwa, akitaka kuonyesha yu karibu na wananchi, akafungua kifuniko na kunusa. Alipiga chafya tatu, na ya tatu ikairusha miwani yake hadi mapajani mwa katibu mkuu. Mkemia alihamishwa siku hiyo hiyo kwenda kuhesabu viboko katika mkoa usio na mto.

Chumba kizima kilikuwa kimeinamisha vichwa. Ndipo Kasiani, akiwa bado ameshika mgongo wa kiti, akasema kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa, kosa si la maji. Kosa ni la malezi. Mgeni ametoka safari, ana vumbi la njia, na jasho la njia. Unamfikishaje mbele ya mkubwa kabla hajaoga?"

Waziri alimtazama. Jicho lake moja lilitoa chozi, ingawa huenda lilikuwa la ile chafya.

"Kumbe vijana tunao," akasema.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Waraka wa Heshima ya Sampuli, ulioandikwa na Kasiani kwa mkono wake, na ambao watumishi waliukariri kama sala. Chupa ya maji ya mto ikifika makao makuu hupokewa kwa neno karibu, huwekwa kwenye mkeka ipumzike. Kisha maji huchujwa kwa kitambaa cheupe. Kisha huchemshwa, maana mgeni hapewi cha baridi wala hawi wa baridi. Kisha hupozwa kwenye mtungi uliofukizwa ubani, huchujwa tena iwapo kuna jambo lililokosa adabu likabaki ndani, na hapo ndipo hupelekwa maabara kupimwa. Yale matope ya kijani yaliyobaki kwenye kitambaa yaliitwa mizigo ya mgeni. Na kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba mizigo ya mgeni haipekuliwi.

Matokeo yalikuwa ya kupendeza. Mwaka wa kwanza Mto Lwanzari ulipata daraja la Safi. Mwaka wa pili ukapata Safi Sana, na wa tatu Safi Kupita Matarajio. Mwaka wa nne mto ulionekana kuwa safi kuliko mvua, na mvua ikaandikiwa barua ijieleze. Kasiani akapewa ofisi yenye zulia na gari ambalo viti vyake vilikuwa bado ndani ya nailoni. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alilelewa tu kwamba neno chungu halisemwi mbele ya mkubwa, na kwamba ukweli ni kama viatu vyenye tope, mtu mstaarabu huviacha mlangoni. Alichosahau ni kuangalia kama mlangoni pale kuna wengine wanaoishi.

*

Mlangoni palikuwa ni Kitopeni, kijiji cha bondeni ambako mto ulifika umeshapita kote. Watu wa Kitopeni walimwagilia mchicha kwa maji ya Lwanzari, wakanywesha ng'ombe, wakapikia, wakanywa. Walijikuna kuanzia asubuhi. Maziwa ya ng'ombe wao yalitoka yakiwa tayari yana rangi. Watoto waliharisha hata mwalimu akahamishia darasa karibu na vyoo. Walipolalamika, wizara iliwatumia nakala ya vyeti vya mto, ili wajifunze shukrani.

Kasiani alikwenda huko mara moja kusimamia uchotaji, akiwa na soksi nyeupe. Aliteleza kwenye ukingo akaingia mtoni hadi magotini, na alipotolewa soksi zilikuwa za kijani na miguu imeanza kuwasha. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa ukingoni akisuuza ndoo, alicheka mpaka akakaa chini. Jina lake Zawena. Alipomaliza kucheka alimpeleka zahanati, akamshika mguu, akampaka dawa, na huku anampaka akamsema.

"Watoto wa hapa wanakunywa hayo hayo, Bwana Afisa. Wewe umeyaonja kwa miguu tu na tayari unalia."

"Silii, dada. Ni macho."

"Macho yenyewe nayo yanawasha? Lete nipake."

Kasiani alikuwa hajawahi kukaripiwa na mtu ambaye papo hapo amemshika mguu kwa upole namna ile. Alimpenda pale pale, akampenda vibaya, kiasi kwamba alirudi mjini akasahau kuwavutia watu viti. Wakawa wanapigiana simu. Kila Zawena alipouliza habari za mto, Kasiani alisema suala linafanyiwa kazi. Kila Zawena alipokata simu kwa hasira, Kasiani alipiga tena. Hatimaye akamwambia anataka kuja kuposa.

"Njoo kwa Shangazi Sikudhani, ndiye aliyenilea," Zawena akasema. "Lakini uijue mila yetu. Mposaji kwetu hupewa kata ya maji kabla hajafungua mdomo. Akiimaliza, amekubali nyumba na vyote vilivyomo. Asipoinywa, anageuza alikotoka na hatumsemi vibaya. Na maji yetu ni ya mtoni, hatuna mengine. Nataka nikuone ukiyanywa, Kasiani. Nijue naolewa na mtu au na waraka."

Ukimwondoa Zawena, hakuna aliyeyajua maji yale kama Kasiani. Alikuwa ameona mizigo ya mgeni mwezi baada ya mwezi. Alifikiria kusema ana vidonda vya tumbo. Alifikiria kusema amefunga. Alifikiria hata kuoa kwingine, akajikuta anachukia kila mwanamke asiyekuwa yule.

Akiwa katika hali hiyo, habari zikamfikia waziri. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na Kitopeni palikuwa na wapiga kura wenye manung'uniko.

"Kasiani!" Mheshimiwa akanguruma kwa furaha. "Unaoa kutoka kwenye mto wetu halafu unanificha? Mshenga wako ni mimi! Na hiyo kata nitainywa mwenyewe, mbele ya kamera, moja kwa moja!"

Na hapa pana jambo la kusema kwa sauti ya chini. Katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba Mto Lwanzari ni safi, naye ni Mheshimiwa Daktari Mashaushi. Alisoma ripoti zote. Alizisoma akiwa kitandani, akatabasamu, akalala vizuri. Nani angemwambia vingine? Wote waliomzunguka walikuwa na adabu.

*

Siku ya posa magari yalifika Kitopeni yakiwa mengi kuliko nyumba. Ilikuja bendi ya matarumbeta. Ikaja televisheni ya taifa, ambayo ilichukua saa nzima kutafuta sehemu ya kijiji isiyoonekana kama kijiji. Wananchi walikusanyika uani kwa Shangazi Sikudhani wakijikuna kwa zamu, kwani waliambiwa wasijikune wote kwa pamoja mbele ya kamera.

Shangazi Sikudhani alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya mwanamke mkubwa. "Karibuni, wageni wetu, karibuni mikekani!" akaita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nyumba ni ndogo lakini roho zipo."

Akaingia ndani, akatoka na sinia, na juu ya sinia kata mbili za maji. Kasiani alijikaza kama mtu anayesubiri sindano. Akachungulia. Maji yalikuwa meupe, yametulia, mpaka chini ya kata panaonekana. Moyo wake uliruka. Alimtafuta Zawena kwa macho ili ampe tabasamu, akamkuta amesimama mlangoni, uso umemwiva kwa hasira.

Zawena alipita nyuma ya mkeka akiwa kama anapanga viatu, akainama. "Si ya mtoni hayo," akanong'ona. "Shangazi kaamka alfajiri, kapanda mlima na ndoo kichwani hadi kwenye chemchemi, na magoti yake yale. Nimegombana naye mpaka nimechoka. Eti mgeni hapewi uchafu."

Kasiani akaelewa. Waraka aliouandika yeye, watu wa Kitopeni walikuwa wakiuishi kabla hajazaliwa.

Waziri tayari alikuwa ameikamata kata ya kwanza. Aliinywa yote, akalamba midomo, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Haya maji! Nimekunywa maji ya nchi za nje, ya kwenye chupa, yenye mapovu ya kuletwa. Sijawahi kunywa maji kama haya! Kuanzia sasa, mbele ya taifa zima, malalamiko ya Kitopeni nayafunga rasmi na daima. Na kwa kuwa mto huu umethibitika kuwa na afya kuliko sisi sote, Shamba la Mfano litaongeza mabomba mengine manne, ili baraka ziwafikie kwa wingi! Asanteni sana!"

Wananchi walipiga makofi, maana neno asanteni likisikika makofi hujipiga yenyewe. Walipomaliza ndipo walipoelewa walichokipigia. Shangazi Sikudhani alibaki na sinia mikononi, mdomo wazi, akitazama ile kata tupu aliyoipandia mlima.

Ikabaki kata ya Kasiani. Ilikuwa imekaa pale mbele yake, tamu, baridi, haina kosa. Mke alikuwa humo. Zulia la ofisi lilikuwa humo, na viti vya nailoni. Hakutakiwa kufanya lolote ila kumeza. Alimtazama Zawena. Hasira zilikuwa zimemtoka usoni, na sasa alimwangalia kama anavyoangalia mgonjwa aliyekataa dawa, kwa huruma ya mtu anayejiandaa kuita mwingine kwenye foleni. Kasiani aliona aibu. Aliwahi kuona aibu za kikazi, za kiti kuchelewa na jina kukosewa. Hii ilikuwa nyingine.

"Shangazi, nisamehe," akasema. "Haya si ya mtoni."

"Mwanangu, kunywa tu," Shangazi akasema haraka. "Kunywa, usinitie aibu mbele za watu."

"Nimekuja kuposa nyumba hii, Shangazi, sikuja kuposa chemchemi. Nipeni mnayokunywa nyinyi."

"Hayo si ya kumpa mgeni, baba."

"Ndiyo maana nayataka. Nimechoka kuwa mgeni."

Zawena hakungoja ruhusa. Alinyakua kata, akatelemka bondeni hatua chache nyuma ya nyumba, akarudi nayo imejaa. Ilikuwa ya kijani, na juu yake povu, na katikati ya povu kitu chenye mguu mmoja kikizunguka taratibu. Harufu ilitangulia. Mpiga picha wa televisheni, kijana mwaminifu kwa kazi yake, akaisogeza kamera mpaka mguu ule ukaonekana nchi nzima.

Kasiani aliinua kata.

"Ebo!" Sauti ya waziri ilipasua ua. "Unatangulia mbele yangu?"

Sasa, katika nchi ile mdogo hali, hanywi, haketi wala hapigi miayo kabla ya mkubwa. Na aliyekuwa akiwafunza watumishi wapya kanuni hiyo kila mwaka ni Kasiani mwenyewe. Mheshimiwa aliivuta kata kutoka mikononi mwake.

"Mheshimiwa, usinywe!" Kasiani akapiga kelele, na kelele zikaingia kwenye kipaza sauti. "Ni machafu! Yamekuwa machafu miaka yote! Tulikuwa tunayachuja na kuyachemsha ndipo tunayapima!"

Waziri alicheka kwa upendo, kama baba anayemsikia mtoto akidai kuna simba chini ya kitanda.

"Kijana ametishwa na ndoa," akaiambia kamera. "Mimi ripoti zote nimezisoma." Akanywa mpaka chini, mguu na vyote.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mheshimiwa akasimama kuhutubia. "Ndugu wananchi, ninahisi… ninahisi maendeleo…" Tumbo lake likajibu kwenye kipaza sauti, mngurumo mrefu uliopanda na kushuka. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa amesinzia, alidhani ni ngoma ya kuanzia, akainua tarumbeta na bendi yote ikaingia katika wimbo wa taifa.

Ukipigwa wimbo wa taifa katika nchi ile kila mtu husimama wima, mikono ubavuni, asitikisike. Kwenda chooni ni uhaini. Wananchi walisimama. Askari walisimama. Waziri naye akasimama, peke yake mwenye sababu ya kukimbia, macho yakimtoka, jasho likimchuruzika kwenye tai. Wimbo ule una beti sita, na bendi ilikuwa imepewa chakula kizuri. Katika ubeti wa nne televisheni ilikatiza matangazo ikaonyesha pundamilia.

Wakati watu wote wamegandamana na taifa, hakuna aliyemwona Kasiani akiokota ile kata iliyoanguka na kutelemka bondeni. Aliichovya mtoni, akafunga macho, akanywa yote. Alipofumbua, Zawena alikuwa amesimama kando yake na Shangazi nyuma yake, wote wawili wamevunja sheria ya wimbo.

"Umekubali nyumba," Shangazi akasema.

"Nimekubali," Kasiani akajibu, kisha akakimbilia kwenye mgomba.

*

Mheshimiwa alipelekwa kutibiwa ng'ambo, kwenye nchi ambayo maji yake hayajawahi kupata cheti. Baraza la Mawaziri likakaa kikao cha dharura kutafuta mwenye makosa. Waziri hakuwa na kosa, kwani ndiye aliyeumia. Shamba halikuwa na kosa, kwani ni la Mfano. Ripoti hazikuwa na kosa, kwani zilipigwa muhuri. Kasiani alifukuzwa kazi kwa kosa la kuujua ukweli bila kibali, lakini huyo alikuwa mdogo mno kubeba tumbo la waziri. Walizunguka meza mpaka akabaki mmoja ambaye hakuwa na ndugu serikalini.

Tangazo likatoka jioni: Mto Lwanzari umesimamishwa kazi kuanzia leo ili kupisha uchunguzi. Katika kipindi hicho utapata nusu ya mvua.

Askari walifika Kitopeni wakausomea mto amri kwa kipaza sauti. Mto ukapita. Wakairudia kwa lugha kali zaidi, ukapita tena, na mkuu wao akaandika kuwa mtuhumiwa alionyesha dharau. Lakini amri ilikuwa na kipengele cha pili, kilichonakiliwa kutoka kanuni za utumishi bila kubadilishwa hata nukta: aliyesimamishwa haruhusiwi kupokea mtu wala kitu chochote hadi uchunguzi utakapokamilika. Askari wa nchi ile hawakufundishwa kufikiri, walifundishwa kutekeleza. Wakapanda na ukingo, wakizuia kila kinachoingia mtoni. Walimrudisha bata. Walilitoa boga moja lililokuwa likiogelea kwa hiari yake, maana halikuwa na barua. Hatimaye wakafika kwenye mabomba mawili manene. Hawakuuliza ni ya nani. Wakayaziba kwa saruji na kuyapiga lakiri ya serikali.

Mheshimiwa alipiga simu kutoka kitandani huko ng'ambo, anabweka. Akaambiwa kwa heshima kubwa kwamba hayo yote yanafanyika kwa ajili ya kumtetea yeye. Ili aseme mabomba yafunguliwe ilimpasa kwanza aseme ni mabomba ya nini. Akasema asante, akakata.

Mto haukujua kama umeadhibiwa. Rangi ya kijani ilififia ikawa kama chai, chai ikawa nyepesi, mpaka asubuhi moja mawe ya chini yakaonekana na watoto wakapiga kelele wakidhani yameletwa usiku. Samaki waligeuka wakarudi kazini. Mchicha ulikoma kuota na madoa. Zahanati ilikaa tupu, na Zawena, aliyekuwa amemuuguza mchumba wake hadi akasimama, akapata nafasi ya kuolewa. Kasiani alihamia Kitopeni na begi moja. Alikuwa na furaha ya kipumbavu, ile ya kuamka na kucheka kabla hajakumbuka kwa nini.

Kisha ikaja Tume.

*

Tume ya Kuuchunguza Mto ilikuwa na wajumbe kumi na wawili, na mwenyekiti wake alikuwa Jaji mstaafu Mpalule, mzee mnene mwenye sauti laini. Walipiga mahema karibu na nyumba ya Shangazi. Kazi yao ilikuwa kuamua jambo moja tu, kama mto una hatia au hauna.

Kasiani alizisoma hadidu za rejea akiwa amesimama, na alipomaliza akakaa. Aliwaita Shangazi na Zawena jikoni.

"Tumekwisha," akasema. "Wakisema mto hauna hatia, unarudishwa kazini. Lakiri zinatolewa, mabomba yanafunguliwa."

"Basi tuwaambie una hatia," Zawena akasema. "Nitatoa ushahidi mimi mwenyewe. Nitaapa."

"Ukiwa na hatia unafukuzwa. Na mto uliofukuzwa unapelekwa wapi? Utageuziwa shambani kwa Mheshimiwa, wote, na sisi tubaki na mawe."

Zawena alikaa juu ya kinu.

"Wakiwa hawajamaliza je?" Shangazi akauliza.

"Wakiwa hawajamaliza, mto unabaki umesimamishwa. Lakini Tume haiwezi kukaa milele, Shangazi. Hukaa mpaka wajumbe watamani kwao."

Shangazi Sikudhani alifunga kanga kiunoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchana ule alizunguka nyumba kwa nyumba, na kufikia jioni hapakuwa na jembe hata moja lililoonekana kijijini.

Tume ililishwa. Kitopeni walipika kwa zamu, nyumba hii leo, ile kesho: kuku wa kupaka, wali wa nazi, mchicha mpya uliokuwa ukimeta kwenye sahani. Kasiani alirudi kwenye fani yake. Aliwavutia viti wajumbe, akawapepea, akawauliza kama wamelala vizuri. Wajumbe walikuwa wakihoji shahidi mmoja kabla ya chakula, na baada ya chakula wakimsahau, hivyo kesho yake wakamhoji tena. Suruali zao zilipelekwa kwa fundi kuongezwa viuno. Ilifika wakati Kitopeni hakukuwika jogoo, na watu wakawa wanaamshwa na simu.

Siku moja Jaji Mpalule alimwita Kasiani ukingoni mwa mto. Watoto walikuwa wakipiga mbizi na kuibuka wakirushiana maji, na mbavu zao zilikuwa safi, hazina hata upele.

"Bwana Lupembe," jaji akasema kwa sauti yake laini, "nadhani tumefika mwisho. Mimi si mtaalamu, lakini maji haya nayaona. Mto wa watu hauna kosa. Kesho tuandike, tuufungulie, nasi turudi makwetu."

Kasiani alimwona Zawena kwa mbali, anakuja na sufuria kichwani.

"Ni kweli, Mheshimiwa Jaji," akasema polepole. "Ila sasa ni kiangazi. Mtuhumiwa amesikilizwa msimu mmoja tu. Haki ya asili inataka asikilizwe katika misimu yote minne."

Jaji alikunja uso. "Kwani nchi yetu ina misimu minne?"

"Hilo nalo halijachunguzwa, Mheshimiwa."

Jaji Mpalule alifikiri. Ilikuwa hoja, na tena hoja nzito. Zawena alikuwa ameshafika, ametua sufuria na kufunua kifuniko, na upepo ukaleta mvuke wa mchuzi.

"Hiyo ni mbuzi?" jaji akauliza.

"Mbuzi, Mheshimiwa. Kuku wamekwisha."

Jaji akatazama mto, akatazama sufuria, akakunja mikono ya shati na kunyoosha viganja. Kasiani akavuta kiti, akachukua birika na beseni, akainama, akamnawisha kwa maji ya mtoni. Yalimwagika meupe juu ya vidole vyake, na Kasiani akamimina bila haraka hata kidogo. Kando yao Shangazi Sikudhani alikuwa akipakua wali, shingo ameigeuza kuelekea zizini, midomo ikimchezacheza.

"Mbuzi watatufikisha masika," akamwambia Zawena kwa sauti ndogo. "Halafu ng'ombe wapo."